Mfumo ukigoma mpakani, nyanya hazisubiri

"Mfumo umegoma." Hakuna maneno mawili yanayojulikana zaidi katika mipaka yetu. Yanasikika Namanga na Malaba, Mutukula na Rusumo, Holili na Tunduma. Afisa huyasema akiwa amekunja mikono, wakala wa forodha huyarudia kwa simu, na dereva huyapokea kwa kuzima injini na kutafuta kivuli. Baada ya hapo hakuna wa kuulizwa. Mfumo si mtu: haulaumiwi, hauhamishwi kituo, wala hauitwi kujieleza.

Gazeti hili linaona umefika wakati wa kuuhoji. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kutumika tarehe 1 Januari 2005, wafanyabiashara wamelalamikia ushuru, mizani, vizuizi vya barabarani na ofisi mbili za kugonga mihuri ileile. Malalamiko hayo yamesikika kwa kiasi. Vituo vya pamoja vya huduma mpakani vimejengwa, na lori husimama upande mmoja tu badala ya pande mbili. Lakini kadiri karatasi zinavyopungua, kizuizi kimehamia mahali ambapo mfanyabiashara hapaoni. Kimehamia katika programu za kati, yaani zile zinazobeba taarifa kutoka mfumo wa taasisi moja hadi mfumo wa taasisi nyingine.

Tueleze kwa nini programu hizo zipo. Tanzania inatumia TANCIS, iliyoanza mwaka 2014 kwa teknolojia ya Korea Kusini. Kenya ilitumia mfumo wa Simba tangu mwaka 2005, kisha ikahamia iCMS. Uganda, Rwanda na Burundi wanatumia ASYCUDA World, programu ya shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Wenzetu wa Kongo wanaifahamu kwa jina lake la Kifaransa, SYDONIA. Kila nchi ilikuwa na haki ya kuchagua chombo chake. Ila vyombo hivyo havizungumzi lugha moja. Sehemu ya tamko la forodha ambayo huku inaandikwa kwa namna moja, kule inaandikwa kwa namna nyingine.

Mwaka 2014 tulipoingia katika Himaya Moja ya Forodha, tofauti hiyo iliacha kuwa jambo la mafundi peke yao. Kanuni ya himaya ni kwamba mzigo wa kwenda Kampala au Kigali unatamkwa na kulipiwa ushuru katika nchi unakokwenda, wakati ungali katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Maana yake, kontena halitoki Mombasa mpaka ujumbe ufike kutoka Kampala. Programu ya kati ndiyo tarishi wa ujumbe huo, na ndiyo mkalimani wake pia. Tarishi akichelewa, mzigo unachelewa. Tarishi akianguka njiani, bandari na mpaka vyote vinasubiri, ijapokuwa mifumo ya nchi zote mbili inafanya kazi bila kasoro.

Hapa ndipo hesabu inapotusaidia kuelewa kinachotuumiza. Tuseme tamko moja linahitaji majibu sita kabla ya kupita: namba ya mlipakodi, dhamana ya mzigo, malipo benki, kibali cha ubora, kibali cha afya ya mimea na cheti cha uasilia wa bidhaa. Tuseme kila mojawapo ya mifumo hiyo sita inapatikana kwa asilimia 99 ya muda, na kila mmoja huanguka kwa wakati wake. Kwa macho ya mkuu wa taasisi, asilimia 99 ni sifa. Lakini ukizidisha 0.99 mara sita unapata 0.94. Katika kila matamko 100, karibu sita yatakuta mlango mmoja umefungwa. Hakuna taasisi iliyofanya vibaya, na bado malori sita yamekwama. Kila ofisi itakuonyesha ripoti yake nzuri, wewe ukiwa na nyanya zako zinazoanza kuvuja maji.

Ubaya mwingine ni ule wa mgonjwa mmoja kulaza kijiji kizima. Programu ya kati ina idadi maalumu ya njia za kuulizia, kama ofisi yenye makarani 50. Kila karani akimpigia simu mtu wa kibali cha mimea, hushika simu mpaka ajibiwe. Mfumo wa kibali ukinyamaza, na karani akiwa ameagizwa asubiri dakika nzima kabla ya kukata, basi matamko yakiingia moja kila sekunde, ndani ya sekunde 50 makarani wote watakuwa wameshika simu isiyojibiwa. Wa pikipiki, wa saruji na wa mafuta ya kupikia, ambao hawahitaji kibali cha mimea hata kidogo, nao wanaambiwa mfumo umegoma. Mfumo haujagoma. Umewekwa vibaya. Dawa yake inajulikana kwa kila fundi wa kazi hii: punguza muda wa kusubiri, tenga makarani wachache kwa kila taasisi ili mmoja asiwamalize wote, na weka swichi inayokata mawasiliano na mfumo uliokufa mpaka upone. Mabadiliko hayo hayahitaji jengo jipya wala mkopo. Yanahitaji mtu aliyepewa jukumu la kuyafanya.

Ziko pia nyakati ambazo mfumo mzima ni mzima, lakini umezidiwa. Mwaka 1909 mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alianza kuandika hesabu za foleni za simu, na hesabu hizo zinatumika hadi leo. Zinatufundisha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Chukua karani mmoja anayehudumia kila mteja kwa wastani wa dakika mbili, na wateja wanaofika bila mpangilio. Akiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja atasubiri wastani wa dakika mbili kabla ya kuhudumiwa. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda, mteja atasubiri dakika nane. Kwa asilimia 90 ni dakika 18. Kwa asilimia 95 ni dakika 38. Kazi haijaongezeka hata mara mbili, lakini kusubiri kumeongezeka mara 19. Kwa hiyo mfumo uliokwenda vizuri wiki tatu unaweza kusimama siku za mwisho wa mwezi au kuelekea sikukuu bila chochote kuharibika. Anayesema "jana ulikuwa unafanya kazi" anasema kweli, na mfanyabiashara aliyekwama leo naye anasema kweli.

Jibu linalotolewa haraka ni kununua seva kubwa zaidi. Mara nyingine ni jibu sahihi. Mara nyingi ni sawa na kumnunulia karani meza kubwa wakati tatizo lake ni kwamba anapekua daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta jina moja. Kanzidata isiyo na faharasa ya namba za matamko hufanya hivyo hasa: inasoma kila kitu ili ipate kimoja, na kila mwaka daftari linavyonenepa ndivyo inavyozidi kuchelewa. Kasoro nyingine ni kuuliza swali lilelile mara elfu. Kitabu cha ushuru wa pamoja hakibadiliki kila saa, basi programu ya kati haina sababu ya kukiomba upya kwa kila gunia. Iweke nakala karibu, iihuishe inapobidi.

Nyingine ni umbali. Ujumbe mmoja ukienda mbali na kurudi hauumi. Programu iliyoandikwa ili ipeleke ujumbe 40 mfululizo, kila mmoja ukingoja uliotangulia, inaumiza sana. Wateja wa M-Pesa nchini Kenya wanalijua hili kwa vitendo. Mitambo yake ilikuwa Ujerumani mpaka mwaka 2015, ilipohamishiwa nyumbani, na mojawapo ya sababu ilikuwa kasi. Tunapojadili mifumo ya mipakani, lazima mtu aulize taarifa inasafiri wapi na inarudi mara ngapi kabla ya lori kuruhusiwa. Na kama maswali yale sita yanaweza kuulizwa kwa pamoja, yasiulizwe moja baada ya jingine. Kila jibu likichukua sekunde tano, kwa zamu ni sekunde 30, kwa pamoja ni tano.

Lipo pia suala la fedha, ambalo kila msomaji wetu amelionja au amelisikia kwa jirani. Umelipa kwa kontroli namba, simu imekatwa fedha, lakini mfumo wa forodha unasema hujalipa. Unaambiwa lipa tena au subiri mpaka kesho. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: malipo yalifika, ila jibu la kuthibitisha lilipotea njiani. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu huupa kila ujumbe namba yake ya pekee, huutuma tena mpaka upokelewe, na mpokeaji akiuona mara ya pili hujua ni uleule, hatozi mara mbili wala haukatai. Ambapo kanuni hii haikufuatwa, gharama ya ujumbe uliopotea analipa mwenye mzigo.

Tunajua yatakayosemwa kutetea hali iliyopo. La kwanza ni kwamba tatizo ni umeme na intaneti, si programu. Kuna ukweli ndani yake. Lakini umeme wa mipakani kukatika si jambo la kushangaza. Ni jambo la kutarajiwa, na chombo kinachowekwa mpakani kitengenezwe kwa kulitarajia. Programu inaweza kupokea tamko, kulihifadhi palepale, kumpa mwenye mzigo risiti, na kulituma mtandao unaporudi. Barua ya posta haikuwahi kumtaka mwandishi asimame kaunta mpaka mpokeaji aifungue.

La pili ni kwamba mapato ya serikali hayawezi kuachwa wazi kwa sababu mtu ana haraka. Nalo ni kweli. Bidhaa za hatari, mizigo ya kupita isiyo na dhamana na watu wenye rekodi mbaya wasimamishwe. Lakini mfumo unaomsimamisha kila mtu hautofautishi mwaminifu na mlaghai, na ucheleweshaji ndio shamba la rushwa. Mfumo ukigoma kwa saa sita, atatokea mtu wa kunong'ona kwamba kuna namna. Kwa hiyo anayelinda mapato ana sababu kubwa kuliko sisi ya kutaka programu za kati ziende kasi.

La tatu ni kwamba takwimu zinaonyesha muda wa kutoa mzigo umeshuka. Tunazikaribisha takwimu, ila tunauliza zimehesabiwaje. Tuseme kati ya matamko 100, 95 yamepita kwa dakika moja na matano yamekaa saa nne. Wastani ni dakika 13. Ni wastani mzuri wa kutangaza, lakini hakuna hata mfanyabiashara mmoja kati ya hao 100 aliyesubiri dakika 13. Aliyekaa saa nne ndiye aliyepoteza soko la asubuhi, na ndiye wastani unayemficha. Tunataka kuambiwa pia muda wa wale walio nyuma kabisa ya foleni.

Na nyuma kabisa ya foleni, mara nyingi, yuko mfanyabiashara mdogo. Jumuiya ilimwekea utaratibu rahisi: mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani. Ni utaratibu mzuri, hasa kwa akina mama wanaobeba vitunguu, samaki wakavu, vitenge na mahindi. Kampuni kubwa mfumo ukigoma ina wakala, ina mwanasheria, na ina lori jingine. Mama mwenye magunia manne ana siku hiyo moja tu. Akichoka kusubiri atapita njia ya panya, na akipita huko amepoteza cheti, amepoteza haki ya kulalamika, na amejiweka mikononi mwa kila atakayemkamata. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloanza kuumia ni la mwenye mtaji mdogo.

Je, nchi zenye mifumo tofauti zinaweza kuunganisha vyombo vyao vikaenda vizuri? Zinaweza. Estonia ilianza mwaka 2001 kutumia X-Road, programu ya kati inayounganisha mifumo ya serikali bila kuihamishia katika kanzidata moja. Jirani yake Finland iliichukua programu hiyohiyo, na mwaka 2018 nchi hizo zikaunganisha mifumo yao ya kubadilishana taarifa kuvuka mpaka. Kabla ya hapo, mwaka 2017, zilikuwa zimeanzisha taasisi ya pamoja ya kuiendeleza, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Hatusemi tuige kila kitu. Wao ni wawili na sisi sasa ni wanane, kutoka Mogadishu hadi Kinshasa. Tunachukua funzo moja: kila nchi ilibaki na mfumo wake, lakini daraja lina mwenyewe anayejulikana, mwenye bajeti na mafundi, ambaye likitikisika anaitwa.

Daraja letu ni la nani? Hilo ndilo swali tunaloliweka mezani kwa Sekretarieti ya Jumuiya Arusha na kwa mamlaka za mapato. Miradi mingi ya mifumo katika ukanda huu imegharamiwa na wafadhili. Tunawashukuru. Lakini mradi huisha, mkandarasi huondoka, na programu hubaki ikiongezewa mzigo kila mwaka bila mtu wa kuipima. Programu ya kati ni kama barabara ya lami: kuijenga ni sherehe, kuitunza ndiko kunakoamua kama itapitika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila mamlaka ya mapato itangaze kila mwezi muda uliotumika kujibu matamko katika kila kituo, ukiwemo muda wa yale matano ya mwisho katika kila mia, pamoja na saa ambazo mfumo haukupatikana. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazihimiza nchi kupima na kutangaza muda wa kutoa mizigo. Kinachohimizwa huko kifanywe wajibu huku.

Pili, hakuna toleo jipya la programu liwashwe kabla ya kujaribiwa kwa mzigo wa siku ngumu kuliko zote za mwaka, si kwa mzigo wa Jumapili asubuhi. Na nchi moja inapobadilisha mfumo wake, majirani wajulishwe mapema na wajaribu pamoja. Mkalimani hawezi kutafsiri maneno aliyobadilishiwa usiku.

Tatu, kuwe na utaratibu wa dharura ulioandikwa, mmoja kwa mipaka yote, ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa: mfumo ukisimama kwa muda fulani, mizigo inayooza na ya cheti rahisi ipite kwa karatasi, taarifa ziingizwe baadaye. Leo hatima ya mzigo inategemea huruma ya zamu iliyopo.

Nne, mikataba ya programu iwalazimishe watengenezaji kukabidhi msimbo na kufundisha mafundi wetu. Vyuo vyetu vinatoa vijana wanaojua kuandika programu. Wapewe kazi ya kutunza hizi, na walipwe vya kutosha wasiondoke.

Tano, mfumo kugoma utambuliwe rasmi kuwa kikwazo kisicho cha kiforodha. Jumuiya ilitunga sheria ya kuondoa vikwazo hivyo mwaka 2017. Mti ulioangushwa barabarani na ujumbe uliokwama ndani ya seva vina matokeo yaleyale kwa gunia la mahindi.

Kwa upande wenu wafanyabiashara, kuna jambo moja la kufanya bila kusubiri serikali. Mkiambiwa mfumo umegoma, andikeni: tarehe, saa mlipofika, saa mliyoambiwa, saa mlipopita, kituo, na namba ya tamko. Pelekeni kwa chama chenu au kwa kamati ya mpaka, na iripotiwe katika utaratibu wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC wa kupokea malalamiko ya vikwazo vya biashara. Lalamiko moja lisilo na saa hujibiwa kwa pole. Malalamiko mia yenye saa na namba ni kipimo, na fundi akipewa kipimo anajua pa kuanzia kutafuta.

Wanaosimamia mifumo hii hutazama taa za kijani kwenye skrini zao Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Wapelekewe na saa za malori. Taa ikiwa ya kijani na lori limelala, kilichokosewa ni taa.